Fomu ya Chuo cha Biblia

Swali la saba limeachiwa mistari mitano:
"Eleza kwa ufupi ulivyoitwa."
Liko kati ya jina la mchungaji wako
na je, una deni lolote benki?
La benki nimejaza. Ninadaiwa.
Hili la saba lanitazama tangu Jumatatu
hapa kaunta, Barani, kati ya wino na stepla.

Ngowa, tuliyechukua naye fomu siku moja,
aliitwa wodini, sindano ya dripu mkononi:
stima ilipotea Malindi nzima, asema,
taa ya juu ya kitanda chake ikabaki.
Mwachiru aliota mara tatu
shamba la mihogo, akang'oa shina,
chini yake watu, wamelala, wanapumua.
Sibishi. Nani mimi nibishie ndoto ya mtu?
Mimi nikilala ni gunia la nazi.

Bibi alikuwa akisema kataa neno, usikatae wito.
Hakusema wito una sura gani
ukija bila kupiga hodi.

Nimeungoja. Nimefunga siku tatu
mpaka harufu ya viazi karai ikaniliza.
Nimekwenda kanisani madirisha hayajafunguliwa,
nikakaa benchi la nyuma, penye popo, nikasema:
Nipo. Masikio yako wazi.
Akajibu mwadhini.
Kisha jogoo. Kisha tuktuk iliyokataa kuwaka,
na Mwitaliano wa nyumba ya pili
akimtukana fundi wa bomba kwa Kiswahili safi.

Luvuno wa Mbeyu ana miaka tisa. Ni kiziwi.
Ibada ya mavuno, mwaka juzi, nilimwona
akikodolea mdomo wa mhubiri
kama mtu asomaye maandishi ya basi linalopita.
Nikamuuliza mama yake: huyu, nani humwambia?
Akasema: Mungu anamjua.
Nikasema: ndiyo, na yeye je?

Sikusikia chochote siku ile. Niliona aibu tu.
Nikaanza kwenda Kilifi kila Jumamosi,
shule ya viziwi, kwa nauli ya duka,
mwalimu akinigonga vidole kwa rula, akicheka:
hapo umesema mbuzi, hukusema neema.
Nikajifunza mkate, samehe, mvua.
Yesu: kidole cha kati kwenye kiganja hiki,
kisha hiki, penye misumari.
Sasa ni sita, benchi la kushoto.
Mmoja hutoka Ganda, kwa baiskeli ya mjomba wake.
Mikono huniuma hadi Jumanne.

Jumapili iliyopita, katika maombi ya mzee Kombe,
nilifumba macho. Nikafumbata mikono.
Nikamwambia Mungu, kwa hasira kidogo:
wengine umewawashia taa. Mimi niite.
Bega likaguswa. Mara mbili, si kwa nguvu,
kama mtu anayeonja pasi kama imepata moto.
Ni Luvuno. Akamwelekezea mzee Kombe kidevu,
akakunja uso wa kuuliza: anasema nini?
Nyuma yake watano, wote wanaitazama mikono yangu
iliyofungwa.

Kiziwi haitwi kwa jina, utaita mpaka kiama.
Kiziwi huguswa. Naye akikuita, hukugusa.
Nimelijua hilo mwaka na nusu
bila kulijua.

Sisemi ndio huo. Pengine alikuwa mtoto tu
aliyetaka kujua sala itakwisha lini
(na sala ile, tuseme haki, ilikuwa ndefu).
Nilifungua mikono, nikatafsiri:
mvua, wagonjwa, bei ya unga, utusamehe.

Fomu zinarudishwa Ijumaa.
Ijumaa kuna mazishi Ganda, ya yule mjomba,
na mtoto hatajua linalosemwa kaburini nisipokuwepo.
Nimeandika mstari mmoja: Niliguswa bega.
Minne iko wazi. Ngowa atanipelekea.
Wakimuuliza mbona hivi,
awaambie swali lenyewe lilisema kwa ufupi.